Ndoano Mia Mbili Zilizopimwa kwa Sikio

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ni mimi Kidole, mzima wa afya, ila mgongo ndio unaolalamika kwa sababu ya kiti cha kazini, ambacho naamini kilitengenezwa na mtu asiyewahi kukaa. Mkaza mjomba hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia naivaa kila siku. Na yule jogoo wenu Afisa, bado anawakagua wageni getini?

Mama bado yuko hapa kwangu tangu alipofanyiwa operesheni mwezi wa kumi na mbili. Kidonda kimefunga, anatembea hadi dukani na kurudi, na ameanza tena kunikosoa namna ninavyotandika kitanda, kwa hiyo ujue amepona. Nilimwambia nakuandikia. Akasema, "Sawa."

Naandika kwa sababu simu yako haipatikani. Nimepiga mara sita. Nikipiga ya mkaza mjomba ananiambia umetoka, hata saa kumi jioni, saa ambayo miaka yote hiyo umekuwa ukinywa chai barazani na hakuna wa kukuinua. Basi nimenunua bahasha.

Nina habari. Nimepandishwa cheo. Miaka miwili nimekaa kwenye benchi nafunga nzi pamoja na wenzangu kumi na moja, sasa nimepewa kazi ya kuchagua ndoano za nzi wapya. Juzi fundi cherehani wa ghorofa ya chini nyumbani aliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikamwambia nafunga manyoya na uzi kwenye ndoano ndogo mpaka zifanane na mdudu, wavuvi wananunua, wanarusha mtoni, samaki anadhani ni nzi wa kweli. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na samaki ni wajinga kiasi hicho?" Nikamwambia wao si wajinga hata kidogo, ndiyo maana mimi nina kazi.

Lakini cheo chenyewe kiko juu juu bado. Mteja wetu mkubwa anakuja mwisho wa Mei kuangalia nzi watatu wapya: mmoja wa kuelea, mmoja mende mnene, na mmoja kile kidudu cha chini ya mawe kilichojikunja. Wakikubaliwa, kazi ni yangu. Wakikataliwa, narudi benchini na analetwa mtu kutoka nje.

Nimeanza vibaya, Mjomba. Karatasi ya mteja inasema nzi wa kuelea ni namba kumi na nne, nami nikachukua ndoano namba kumi na nne, nikafunga kazi safi kabisa, nikaiweka kwenye beseni la maji mbele ya msimamizi. Huyu tunamwita Miwani Mbili, kwa sababu moja iko machoni na nyingine utosini wakati wote. Nzi wangu wa kuelea akazama mpaka chini kama funguo. Miwani Mbili alibadilisha miwani tu, akatazama tena.

Wewe ndiye uliyenifundisha kushika uzi kabla sijajua kushika kalamu. Nifundishe na hili. Na kama unaweza, nitumie ndoano ulizopima mwenyewe. Huku hakuna anayepima, wanafungua boksi na kuanza kazi.

Mpwa wako,
Kidole


21 Februari

Kidole,

Marahaba, mama. Barua yako imefika, na imesomwa mara mbili na mimi na mara moja na mama watoto, ambaye anasema umekonda. Nimemuuliza ameonaje kukonda kwenye barua, akasema mwandiko wako umekonda. Yeye hajambo. Magoti yake ndiyo yanaleta siasa. Afisa yuko, anazidi kujiona mwenye nyumba. Manyoya yake ya shingoni mwaka huu yana rangi ya chai nzito, hujapata kuona.

Habari za simu ziache. Simu nimeiweka kabatini, imezimwa, inapumzika na mimi napumzika. Barua ni kitu cha adabu. Mtu anakaa, anafikiri, ndipo anasema.

Hongera kwa cheo. Nilipofika mahali ulipoandika "kama funguo" nilicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Mimi nzi wangu wa kwanza alizama na kubaki huko na ndoano ya bosi, kwa hiyo wewe umenishinda.

Sasa sikiliza. Namba si ndoano. Namba inakuambia ukubwa tu, tena kwa kinyume, kwamba ikipanda ndoano inashuka. Haikuambii unene wa waya, haikuambii urefu wa mti, ule mguu wake ulionyooka, haikuambii mkunjo umekaaje. Wewe ulichukua namba kumi na nne ya waya nene, ya nzi wa kuzama. Jiulize kwanza mdudu huyu anaishi wapi. Huyu wako anasimama juu ya maji. Mpe waya nyembamba kabisa, hata ukiishika uone huruma. Yule wa chini ya mawe ndiye wa waya nene, maana yeye kazi yake ni kuzama, na kwa kuwa amejikunja mtafutie ndoano iliyojikunja tangu jichoni, pale kamba inapopita, usihangaike kuupinda mwili kwa manyoya. Uzi hauwezi kupinda kisichotaka.

Mende ndiye wa kukuadhibu. Mwili wake mnene, na ukimfunga kwenye ndoano ya kawaida tumbo litaziba ule mwanya kati ya mti na ncha. Samaki atakuja, atafunga mdomo, ataondoka na hamu yake. Chukua yenye mwanya mpana na mti mfupi. Karatasi ikisema kumi na mbili, usiogope kwenda ndoano kubwa zaidi, namba kumi, ukiona tumbo limekuwa kubwa. Karatasi haivui samaki.

Kisha pima. Unabana mkunjo kwenye jiriwa, unavuta jicho kwa ukucha kidogo tu, unaachia. Ndoano nzima inalia tiing, inarudi mahali pake. Laini inasema dup, inabaki imeinama. Iliyochomwa kupita kiasi kiwandani inasema tik, fupi na kavu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu machoni ni nzuri, inameta, na itavunjika siku ambayo mvuvi ameshika samaki wa maisha yake. Nimepima kwa sikio miaka ishirini na nane. Waliwahi kuleta mashine hapa kiwandani kwetu, wakairudisha.

Nitakutumia mia mbili za mwanya mpana kwa ajili ya mende, maana hizo ndizo ngumu kupata nzuri. Nitapima moja moja.

Msalimie mama yako.

Mjomba


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena, na asante. Kifurushi kimefika kikiwa kizima, na karatasi yako juu yake, "Zimepimwa zote," kwa ule mwandiko wako wa kujigamba. Nimeibandika ukutani juu ya jiriwa yangu.

Mkaza mjomba mwambie sijakonda. Mama anahakikisha. Ameanza kupika chakula cha watu sita kwa watu wawili na kusema nikiacha ni dharau.

Nzi wa kuelea anaelea. Nilipata waya nyembamba kama ulivyosema, nikamweka kwenye beseni asubuhi, nikaenda kunywa chai, nikarudi, yuko pale pale anatazama dari. Miwani Mbili alimpulizia. Nzi akazunguka beseni, hakuzama. Miwani Mbili akasema, "Hm." Wenzangu wanasema hiyo "hm" ni ya kuwekwa kwenye fremu. Kidudu cha chini ya mawe nacho kimekubali. Bado mende, na wiki ijayo naanza kwa ndoano zako.

Sasa niseme lingine, na usinikasirikie. Mama hataki kulizungumza, lakini mimi naishi naye vyumba viwili, hakuna pa kuficha kitu. Anasema siku alipokupigia kukueleza kwamba anaingia kwenye operesheni, wewe ulicheka. Anasema alikuambia anaogopa kutoamka, ukacheka, ukamwambia, "Haya, vizuri, karibu sana," ukakata. Ni ndugu yako wa pekee, Mjomba. Alilia hospitalini kwa ajili hiyo kuliko kwa ajili ya kisu.

Mimi najua wewe si mtu wa hivyo. Ndiyo maana nauliza. Alikukosea nini?

Kidole


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima. Mvua imeanza, paa la jikoni linavuja mahali pale pale.

Nimefurahi nzi anaelea. Kwa mende, kumbuka jicho la ndoano. Likiwa limeinamia chini litapunguza mwanya ambao tumeupanua kwa taabu, kwa hiyo zile nilizokutumia zina jicho lililonyooka. Usimalizie uzi karibu na jicho mno, achia nafasi ya mvuvi kufunga kamba yake. Watu wengi wanasahau, halafu mvuvi anatukana fundi asiyemjua.

Mama yako mwambie sikumcheka. Hakunikosea kitu. Mwambie hivyo tu.

Mimi siku hizi siko kwenye upimaji. Nimeomba kuhamia chumba cha kufungia maboksi. Kazi ni nyepesi na nakaa peke yangu, hakuna kelele za watu. Nilitaka mabadiliko.

Mjomba


24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, naye mkaza mjomba pia. Sisi ni wazima, Mama anawasalimu. Alinipa salamu hizo mwenyewe bila kuombwa, baada ya kumsomea maneno yako mafupi. Aliyasikiliza akasema, "Hakuna zaidi?" Nikamwambia hakuna zaidi.

Nimeiandika barua hii mara tatu. Hii ndiyo ya nne, na hii nitaituma.

Nilikuwa nafunga mende wa kumi na saba. Unajua mwenyewe mende anavyotaka uzi uvutwe kwa nguvu ili manyoya yasimame. Nikavuta, ndoano ikasema tik, ikakatika katikati ya mti. Nusu yenye jicho ikaruka na mende wake, ikampiga Miwani Mbili kichwani, sawasawa kwenye ile miwani ya utosini. Akaivua, akatazama mkwaruzo kwenye kioo, akasema, "Ndiyo maana huwa navaa mbili." Akacheka yeye, tukacheka sote, nami nilicheka kwa mdomo tu.

Nilidhani ni moja iliyopita kwa bahati mbaya. Nikachukua ya pili, ikakatika. Basi wenzangu walipokwenda kula nikabaki, nikazipima zote zilizobaki kwa namna yako. Sikuhitaji hata kuinamisha kichwa. Tik zilikuwa zinajitangaza. Pamoja na hizo mbili, mbovu ni thelathini na moja, Mjomba, kati ya mia mbili zilizoandikwa kwa mkono wako "zimepimwa zote." Mende watano kati ya wale kumi na sita niliokwisha kuwafunga wako juu yake. Nimewatenga. Miwani Mbili ameniuliza ndoano zimetoka wapi nikasema bado natafuta. Amenipa mpaka katikati ya Mei kupata nyingine.

Mwanzo nilikasirika. Nikasema moyoni, hakupima, alitaka kunifurahisha tu. Nikatembea na hasira hiyo siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba wewe uliwahi kukataa boksi zima la bosi wako siku ya harusi yako mwenyewe, ukiwa tayari umevaa suti.

Ndipo nikaanza kuunganisha. Simu iliyozimwa. Mama aliyekuambia anaogopa kufa, nawe ukajibu "karibu sana." Chumba cha maboksi ambako hakuna mtu wa kuongea na wewe. Mimi ni mwanagenzi na nimezisikia, wewe ni fundi na hukuzisikia.

Nakuuliza jambo moja, na nakuomba usinijibu habari za paa. Mjomba, unasikia?

Kidole


19 Mei

Kidole, mwanangu,

Marahaba, na nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ilifika tarehe mbili. Ilinichukua muda kujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa na jibu.

Mama watoto hajambo. Utaona hivi punde kwamba ndiye shujaa wa habari hii, na yeye mwenyewe anakubali.

Ulipouliza kama nasikia, jibu la siku ile lilikuwa hapana. Ilianza mwaka jana kidogo kidogo. Kwanza watu walianza kunong'ona, ndivyo nilivyoona, nikawalaumu kwamba siku hizi watu hawafungui midomo. Kisha redio ikaharibika, nikaipeleka kwa fundi, akaniambia redio ni nzima. Kufikia mwezi wa kumi na mbili simu ilikuwa ni mvumo tu. Mama yako alipopiga nilijua ni yeye kwa sababu jina liliandikwa. Sikushika hata neno moja. Nikafanya kama nilivyokuwa nikifanya kwa wote, nikacheka, nikasema vizuri, karibu, nikakata kabla hajauliza swali. Habari za operesheni nilizipata wiki mbili baadaye kwenye karatasi aliyoniandikia mama watoto. Nilipojua nilichokifanya nilikwenda nikakaa nyuma ya banda la kuku. Kumwambia ukweli nikashindwa, na kila siku niliyoshindwa iliongeza uzito wa ile iliyofuata. Nikaizima simu. Mama watoto nilimwapisha asiseme. Usimlaumu.

Unataka kujua kwa nini nilificha. Wewe hukumjua babu yako vizuri. Miaka yake kumi ya mwisho alikuwa hasikii, na tulikuwa tunamzungumza mbele yake kama kabati. Nani atamwogesha, nani amechoka naye, yote mbele ya uso wake. Nami nilikuwa mmojawapo, mkubwa wa wote kwa mdomo. Niliogopa, mwanangu. Niliona zamu yangu imefika, na kwamba nilistahili.

Kuhusu ndoano, naomba uniamini hili hata kama huwezi kuamini lingine. Nilizipima. Nilikaa siku tatu, nikabana moja moja, nikavuta kwa ukucha, nikaachia. Na nilisikia. Kila moja ililia tiing, kwa sababu miaka ishirini na nane kidole kikivuta sikio linajua litakachosikia, nami nilikuwa nasikia kumbukumbu. Sikugundua mpaka barua yako ilipofika. Nilipoisoma nilikwenda kwenye jiriwa, nikachukua ndoano ambayo najua ni mbovu, nimeitunza miaka kwa ajili ya kufundishia. Nikaivuta. Ikalia tiing, nzuri kabisa.

Mama watoto aliisoma barua yako kwa sauti mbele yangu bila kujificha, aliniambia baadaye, kwa sababu alijua simsikii. Kisha akanipokonya viatu vya ndani, akaniletea vya kutokea. Tukaenda kwa daktari wa masikio.

Daktari ni binti wa rika lako, ana mikono midogo, angekuwa mfunga nzi mzuri. Akaangalia sikio la kulia kwa kitaa chake, akaangalia la kushoto, akarudi la kulia. Akaandika kwenye karatasi: "Unasafishia nini masikio?" Nikasema pamba. Niliona mdomo wa mama watoto ukifunguka na sikuhitaji masikio kujua amesema, "Mwongo huyo."

Wewe unaijua tabia yangu. Nikiwa kwenye jiriwa nyumbani nafunga nzi, sikio likiwasha, nachukua unyoya wowote ulio mbele yangu, nazungusha, naendelea na kazi. Nimefanya hivyo tangu ujana.

Akanipigia maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano. La kwanza hakuna kitu. La pili hakuna kitu. La tatu ikatoka nta, pande gumu, na nyuma yake vikafuata vijinyuzi vya manyoya vilivyoshikamana na hiyo nta. Akavichukua kwa kibano, akavipanga kwenye karatasi nyeupe. Nikavitazama. Vilikuwa vya Afisa, vya shingoni, rangi ya chai nzito, daraja la kwanza kabisa. Nilimwambia hivyo daktari. Akasema, "Mzee, sijakuuliza daraja."

Na nilimsikia, Kidole. Nilimsikia akisema hivyo. Nikasikia kiatu chake kinavyobonyea sakafuni, nikasikia bomba la maji linadondosha matone kwenye sinki, nikamsikia mama watoto analia nyuma yangu. Nikageuka, nikamwambia apunguze sauti, kwa sababu kweli ilikuwa kubwa mno. Alinipiga kwa mkoba.

Nisitie chumvi. Sikio la kushoto nalo lilikuwa na nta, imetoka, lakini ndani limechoka. Daktari anasema ni umri na ile miaka niliyokaa karibu na mashine ya kunolea, na kilichopotea huko hakirudi. Ila la kulia ni zima. Nimeandikiwa dawa ya matone, na nimeapishwa juu ya manyoya mbele ya mashahidi wawili.

Kesho yake nilimwambia bosi yote, pamoja na ndoano zako. Amenirudisha kwenye upimaji, ila kuanzia sasa kila boksi linapita kwa watu wawili. Nilikuwa wa kwanza kukubali. Mia mbili nyingine zilishatangulia, natumaini zimekufika, na karatasi yake ina sahihi mbili.

Mwambie mama yako kwamba Jumapili tarehe mbili Juni, saa kumi jioni, nitampigia. Apokee yeye. Akitaka kunitukana anitukane, nitasikia kila neno.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, mgongo wangu umepona kwa sababu nimepewa kiti kipya, na kiti kipya nimepewa kwa sababu ambazo utazipata baada ya salamu. Msalimie sana mkaza mjomba. Mwambie nimemsamehe kwa uongo wa saa kumi, na kwamba anadanganya vibaya sana, asijaribu tena.

Ndoano zilifika tarehe kumi na nne Mei, siku moja kabla ya mwisho wa muda niliopewa. Nilizipima na mimi, tukawa watatu. Sikupata tik hata moja. Barua yako nayo ilipofika nikamweleza Miwani Mbili habari yote, tangu jogoo hadi daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani zote mbili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akapangusa machozi ya kicheko. Kisha akauliza kama ningeweza kuwafundisha wenzangu kupima. Mteja alikuja tarehe ishirini na nane. Alichukua nzi wote watatu. Mende alimgeuza geuza kidoleni, akatazama mwanya, akasema aliyechagua ndoano hii anajua mdomo wa samaki. Kazi ni yangu, Mjomba. Nilipanda ngazi za nyumbani nikiwa nimevua viatu, sijui kwa nini.

Mama simsemei mengi, ulimsikia mwenyewe. Nusu saa mlizungumza wote kwa pamoja na sidhani kama kuna aliyemaliza sentensi. Alipokuuliza mara ya tatu, "Kweli hukuwa umenicheka?" nilitoka nikajifanya napanga vikombe. Tangu siku ile anaimba akifua. Amekusamehe kabisa, ila habari ya unyoya amekwisha kuwaeleza fundi cherehani, muuza duka, na mwanamke ambaye walikaa naye foleni moja benki. Mzoee tu.

Sasa kuna jambo sikukuambia siku ile, na ndilo hasa lililonifanya ninunue bahasha.

Mama aliponipa simu nilikuambia nina ndoano tatu ambazo sina uhakika nazo, nikakuomba uzisikilize. Nilikudanganya. Nilikuwa nimezileta na jiriwa kutoka kazini tangu Ijumaa, nimeifunga kwenye meza ya jikoni. Ya kwanza na ya tatu zilikuwa nzima, nilizipima mara kumi. Ya pili ilikuwa moja ya zile thelathini na moja. Niliitunza kwenye kiberiti kitupu tangu Aprili, sikujua naitunzia nini.

Nilitaka kujua. Barua yako niliiamini, lakini wewe ni mtu uliyeniandikia mwezi wa nne kwamba ulitaka mabadiliko.

Nikasogeza simu kwenye jiriwa, nikavuta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukasema, "Rudia." Mjomba, nilidhani hukusikia kitu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitambaa cha vyombo kwa mikono miwili. Nikarudia zote tatu, polepole.

Ukasema, "Ya kwanza nzima. Ya tatu nzima. Ya pili itupe, mwanangu, kabla haijamtoa mtu jicho."

Baada ya hapo uliita, "Kidole? Kidole?" mara nne, na mkaza mjomba nikamsikia huko nyuma anauliza kama simu imekatika. Haikukatika. Usije ukafikiri sikio lilikuwa limeondoka tena. Lilikuwa zima, na simu ilikuwa nzima. Ni mimi niliyekuwa nimeilaza mezani, nimemkumbatia Mama.

Mpwa wako,
Kidole